Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka wa 2025

Ndugu wahasibu wenzangu,

Mafunzo ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, tulifanya, wagonjwa tuliwatembelea, na harambee ya mwenzetu wa Ngara mnaijua. Hayo nayaacha.

Nizungumzie karani wa pamoja, maana maneno yamekuwa mengi. Kamati iliamua pesa za sherehe ya Desemba zimlipe karani wa kuwasaidia wenye ofisi za mtu mmoja. Kuna waliosema mwenyekiti amekula sherehe. Vitabu viko kwa mweka hazina; anayetaka aje avikague.

Kazi yetu mnaijua. Tarehe 9 ya kila mwezi wateja wadaiwa PAYE (kodi ya mishahara), NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF (bima ya afya) na ada ya nyumba. Tarehe 20 ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Hujapumua, mtu anakupigia saa nne za usiku kwamba amesahau nywila ya iTax, mtandao wa kodi. Juni nayo, mpaka ipite tarehe 30, mwisho wa kutuma ritani (taarifa) za kodi ya mapato za mwaka, hakuna anayelala. Mwenye ofisi pale Kirinyaga Road akienda ushago kwa mazishi, kompyuta anaibeba. Niliyasema haya tangu mwanzo, tena nikiwa karibu peke yangu.

Eti karani atatuibia wateja! Ataibaje? Kazi yake ni kupanga risiti na kujaza takwimu. Nywila hapewi, simu za wateja hapewi, na ritani inakaguliwa na kutumwa na mwenye ofisi mwenyewe. Leo wanaomtumia ni 11, na baadhi yao ndio waliopiga kelele zaidi mkutanoni. Sitawataja. Nasikia siku hizi Jumamosi wanafunga saa sita.

Sasa ada. Tuko 46 kwenye orodha, ada ni shilingi 3,000, waliolipa ni 19. Mikutano ilikuwa minne na akidi ilitimia mara moja tu, siku ya pilau. Mkutano wa Agosti ulihusu namna ya kupata nafasi ya kupumzika; wengi waliomba radhi kwamba hawana nafasi. Mniwie radhi nikicheka.

Mwaka ujao tunatumaini kupata karani wa pili na, Mungu akijalia, utaratibu wa kushikiana ofisi mmoja akienda likizo. Kamati italiangalia.

Uchaguzi unafuata. Nitagombea tena. Asiyelipa ada hapigi kura, kwa mujibu wa katiba yetu, na mweka hazina yuko pale mlangoni na kitabu cha risiti. M-Pesa pia anapokea.

Mwenyekiti