Kesi zisiletwe kwenye chakula

Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa familia kuhusu wavulana wanaobeba sahani na kwenda kujifungia chumbani nimeisoma zaidi ya mara moja. Uchungu wa mwandishi ni wa kweli na kero anayoieleza ipo. Kilichonifanya nishike kalamu ni dawa aliyoitoa. Anawashauri wazazi wautumie mlo wa jioni, wakati ambao kijana hana pa kukimbilia, kumuuliza habari za masomo, marafiki, mahudhurio na simu yake. Naamini kwa dhati kwamba ushauri huo ndio unaowapeleka watoto chumbani.

Mimi ni muuguzi, kazi yangu ni ya zamu, na ni mama wa wavulana watatu. Kifungua mimba ana miaka 17, wa kati 15, kitinda mimba ametimiza 13. Baba yao aliweka sharti tangu mkubwa alipoanza sekondari: kesi hailetwi kwenye chakula. Alama za mtihani, barua ya mwalimu, kioo kilichovunjwa, pesa iliyopungua mahali ilipowekwa, yote yana wakati wake. Mtoto akikaa kula, aachwe ale.

Sharti hilo linatubana sisi wazazi kuliko linavyowabana wao. Kuna jioni nilikuwa na barua ya shule ndani ya mkoba. Nilikwisha kuisoma, na mwanangu wa kati alijua nimeisoma. Alikaa pembeni kabisa, mabega juu, anamega kidogo kidogo. Nilimpakulia kama wenzake, nikamuuliza kama chumvi imekolea. Akanitazama, akasema imekolea, na mabega yakashuka. Tukala. Barua tuliizungumza kesho yake mchana, mimi na yeye tu, vyombo vikiwa vimeshaondolewa, na akanieleza mambo ambayo mwalimu hakuyaandika kwa sababu hakuyajua. Yalikuwa mazito kuliko yale ya kwenye barua. Mbele ya kaka yake na mdogo wake asingeyatamka hata kidogo. Angesema "sijui", jibu ambalo kila mwenye kijana nyumbani analifahamu, na ningelala nikiamini kwamba nina mtoto mkaidi.

Aibu mbele ya ndugu ni kitu kizito sana katika umri huu. Mtu mzima akikosolewa kazini mbele ya wenzake hukaa nayo moyoni kwa muda mrefu, sembuse mvulana ambaye sauti yake bado inamkatikia katikati ya sentensi. Akihojiwa hadharani hujibu ili maswali yaishe. Akizoea hivyo kila jioni, hujifunza kwamba chakula kina ada yake, na ada hiyo ni kuhukumiwa. Baada ya hapo hata ukimwita kwa upole atasema hana njaa, kisha usiku wa manane utamsikia jikoni akipasha kiporo.

Nije kwenye jambo la pili, ambalo makala haikuligusa kabisa na ambalo mimi naliona ni baya zaidi: masimango. Mtoto anaongeza sahani ya pili, mtu anaguna. Anarudi kwenye sufuria, mtu anauliza kama ana minyoo. Mgeni akija anaambiwa, mbele ya mtoto, kwamba huyu anatumaliza. Watu husema kwa mzaha, lakini mvulana anahesabu kila neno. Nimewahi kumhudumia kijana aliyeletwa kwetu akiwa dhaifu, na katika mazungumzo ya taratibu akasema kwamba huacha chakula makusudi ili asionekane mzigo. Alikuwa amerefuka kuliko baba yake.

Wazazi wenzangu, mwili wa mvulana wa umri huu una kazi kubwa. Kasi ya kurefuka hufikia kilele kwa wengi katika miaka 13 au 14, na katika kilele hicho huongeza karibu sentimita 9 hadi 10 kwa mwaka mmoja. Mifupa inarefuka, misuli inajaa, damu yenyewe inaongezeka wingi, ndiyo maana mahitaji ya madini ya chuma hupanda. Kalsiamu anayopaswa kupata kwa siku ni miligramu 1,300, wakati mimi mama yake natosheka na 1,000. Ripoti ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya iliyotolewa mwaka 2004 inaonesha kwamba mvulana wa miaka 16 anayejishughulisha kwa wastani anahitaji zaidi ya kilokalori 3,000 kwa siku. Mwanamke mzima wa shughuli za wastani anahitaji 2,000 na kitu. Kwa hiyo mwanangu anapokula kuliko mimi anakula haki yake. Na akila saa moja jioni, kisha saa tatu akaanza kuzungukazunguka jikoni, huyo si mlafi. Ana njaa.

Najua zipo nyumba ambazo sufuria haliwezi kujibu njaa hiyo, na sizungumzi kwa kejeli na mzazi yeyote anayehesabu vijiko. Hata kwetu kuna wiki ngumu. Wiki hizo nawaambia mapema, kabla hatujakaa, kwamba leo kipo hiki na hakitaongezeka, na sababu nawaambia. Mkubwa ndiye anayegawa, na anayegawa huchukua sahani ya mwisho kubaki. Sijawahi kuona akigawa vibaya. Kijana anaweza kuuvumilia upungufu aliouelewa. Kinachomvunja ni kuambiwa kwamba upungufu umetokana na tumbo lake.

Mwandishi wenu alitaja kwamba utafiti unaonesha watoto wanaokula na wazazi huwa na mwenendo mzuri. Ni kweli tafiti hizo zipo, nyingi zikiwa za Marekani. Lakini zisomwe hadi mwisho. Mwaka 2014 watafiti wawili wa huko, Ann Meier na Kelly Musick, walichapisha kazi iliyoangalia swali hilohilo kwa undani zaidi, wakaona kwamba mlo wa pamoja uliambatana na huzuni ndogo kwa vijana hasa pale ambapo uhusiano wao na wazazi ulikuwa mzuri. Uhusiano ulipokuwa mbaya, faida ya kula pamoja ilikuwa ndogo. Wanaotaka kuwakalisha vijana kwa nguvu ili matokeo mazuri yaje yenyewe, inafaa walitafakari hilo.

Basi tuzungumze nini tukila? Nimeulizwa hivi na wenzangu kazini, maana wanadhani sharti letu linaleta ukimya. Ukimya upo, na siuogopi. Wavulana watatu wenye njaa hawaongei dakika za mwanzo, wanabugia, na hilo ni sawa. Baadaye mmoja atamkejeli mwingine kuhusu mpira, mdogo atauliza swali lisilo na kichwa wala miguu, na mazungumzo yatajiendea. Baba yao hupenda kusimulia habari za babu yao: safari yake ya kwanza kutafuta kazi, jinsi alivyoshuka kituo kisicho chake usiku, akalala kibarazani kwa watu asiowajua, na asubuhi wakampa chai na kumwonesha njia. Wameisikia mara nyingi na bado humsahihisha baba yao akiruka kipande. Wataalamu wawili wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Emory, Marshall Duke na Robyn Fivush, waliwahi kutunga maswali 20 ya kupima watoto wanajua kiasi gani kuhusu historia ya familia zao, na wakakuta kwamba waliojua zaidi walijithamini zaidi na walihisi wana uwezo juu ya maisha yao. Mtoto hawezi kujua mahali babu na bibi yake walipokutana kama kila jioni mada ni alama za hesabu.

Kuhusu simu nitasema machache, kwa sababu limeshasemwa na wengi. Sharti likiwapo liwe la wote. Yangu hukaa rafu ya juu pamoja na zao, ikilia ya kazini nainuka naipokea nje na wao wanajua kwa nini.

Jambo ambalo wazazi wa zamu kama mimi tunahitaji kulisikia ni kwamba mlo wa pamoja si lazima uwe wa jioni wala wa watu wote. Zipo siku narudi saa nne usiku. Wadogo wameshakula, mkubwa yuko macho. Si ukaidi: katika balehe, homoni inayoleta usingizi huchelewa kutoka kwa saa moja hadi mbili ukilinganisha na utotoni, ingawa mwili bado unataka saa 8 hadi 10 za kulala. Simkaripii kwa kuwa macho. Ananipashia chakula, anajipakulia kidogo naye ingawa alikula, tunakaa wawili jikoni. Hapo ndipo nilipojua kwamba hataki kusomea kile tulichodhani anakitaka. Hakuitwa, hakuulizwa. Alikuwa anatazama sahani yake, akasema. Nimegundua wavulana wangu wote husema mambo makubwa wakiwa hawatazamwi usoni, mikono ikiwa na kazi, na kuosha vyombo ni kazi nzuri sana kwa ajili hiyo. Ndiyo sababu hatuoshi vyombo peke yetu. Wawili wanaosha, mmoja anafuta na kupanga, na mzazi aliyepo anaokota neno linalodondoka.

Wapo watakaonijibu kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na kwamba nawadekeza. Watoto wangu wanawajibishwa. Aliyevunja analipa kwa kazi, aliyeshuka darasani anakaa na baba yake kila jioni mpaka apande, na aliyenidanganya hapati ruhusa ya kutoka hadi nimwamini tena. Kila mmoja anapika zamu yake, na akiunguza tunakula kilichoungua. Ninachokataa ni kuifanya saa ya chakula kuwa saa ya mashtaka. Kesi inapokuwa na wakati wake na faragha yake, inasikilizwa vizuri zaidi, na hata adhabu inapokelewa bila chuki. Tena sisi wazazi tunakuwa tumeshapoa. Hasira ya saa kumi na moja jioni, ukiipa usiku mmoja, mara nyingi asubuhi inabaki na ukubwa wake wa kweli.

Mkubwa wangu anakaribia kuondoka nyumbani. Siku za sisi watano kukaa chakula kimoja zinapungua, nami sitaki hata moja iishe kwa mtoto kusukuma sahani na kuinuka.

Ombi langu kwako, Mhariri: kabla ukurasa wa familia haujatoa tena ushauri juu ya wavulana, uwape wavulana wenyewe nafasi waandike, kwa majina au bila majina, ni nini huwafanya wabaki kwenye chakula na ni nini huwainua. Wangu wa kati yuko tayari kuandika, kwa sharti kwamba nisiisome barua yake mpaka itoke gazetini. Nimemkubalia.

Wako,
Mama wa wavulana watatu