Zuhura mwanangu, futa Barcelona

Zuhura mwanangu,

Marahaba. Mama yako anawasalimu wewe na mkwe wangu, na anauliza kama ile dawa ya bibi imefika.

Mpango wenu wa safari nimeupata, nikauchapisha, nikakaa nao mezani na kalamu nyekundu. Amsterdam, Paris, Barcelona, Roma, Venice, Vienna, Prague, halafu mje kwetu München. Siku kumi na nne, gari la kukodi. Mwanangu, Barcelona hadi Roma peke yake ni zaidi ya kilomita 1,300, ndefu kuliko Dar hadi Mwanza, na nyinyi mmeipa siku moja, tena mmeandika chakula cha mchana mtakula Monaco. Kufika mtafika, lami ni nzuri. Ila mtakachokiona ni kuta za kuzuia kelele, migongo ya malori na vyoo vya sheli. Hiyo miji mikubwa ina treni nzuri, itafuteni siku nyingine kwa treni. Gari ni la kule ambako treni haifiki.

Mimi nimewachorea mstari mmoja tu. Mnatoka hapa kwetu, mnavuka Alps upande wa Austria, mnateremkia Slovenia, mnaikamata pwani ya Croatia na kuifuata mpaka Dubrovnik. Kurudi mnapita barabara kuu. Nchi nne basi. Kwa njia fupi Dubrovnik ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka München. Kwa njia ninayotaka mpite zinazidi. Siku zenu kumi na nne za barabarani zitatosha, na sehemu nyingine mtalala usiku mbili bila kufungua na kufunga mabegi kila asubuhi.

Na isiwe Aprili. Najua mmeipenda kwa sababu ya Pasaka na tiketi, lakini barabara ya mlimani ya Grossglockner, kule Austria, ambayo ndiyo roho ya safari hii hufungwa kwa theluji tangu Novemba, na kwa kawaida hufunguliwa mwanzoni mwa Mei. Njooni Juni, shule zikishafungwa na mkwe akiwa huru na wanafunzi wake. Juni hapa kwetu jua linazama baada ya saa tatu usiku, na Croatia haijajaa watu kama inavyojaa Julai na Agosti.

Sasa viza, maana hapa ndipo wengi wanapokwama kabla ya kuona hata kona moja. Maombi ya viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi hizi zote nne, hupelekwa ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Ukihesabu usiku kwenye mstari wangu, Croatia inaishinda Ujerumani. Kwa hiyo msifike kwetu leo na kuondoka kesho: kaeni siku tatu mwanzoni mpumzike, na mkirudi mkae wiki nzima, nje ya zile kumi na nne za barabarani. Huo si ujanja, mama yako ameshaanza kupanga mtalala chumba gani. Hapo Ujerumani ndiyo inakuwa na siku nyingi, na maombi yanakwenda ubalozi wa Ujerumani pale Dar. Mnaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Bima ya safari iwe ya kulipia matibabu yasiyopungua euro 30,000. Barua ya mwaliko nitaishughulikia huku.

Kwenye fomu ombeni kuingia mara nyingi, na sababu nitakueleza huko chini, nikifika habari za mji wa Mostar.

Gari. Mkwe aende benki aulize kadi ya mkopo yenye jina lake yeye mwenyewe, kwa sababu dhamana ya gari huzuiwa kwenye kadi hiyo, na kadi ya kawaida ya kutolea pesa kwenye mashine hukataliwa na wengi. Pamoja na leseni yake achukue kibali cha kimataifa cha udereva. Mkataba wa gari lazima utaje nchi zote mnazokwenda. Mkilichukua München na kulirudisha München mnaepuka ile ada ya kuliacha mji mwingine, ambayo wakati mwingine inakaribia bei ya kukodi yenyewe. Chukueni dogo. Mama yako angependa mpande kitu cha heshima, lakini vichochoro vya mawe vya miji ya pwani vilijengwa kwa ajili ya punda.

Upande wa kulia usimtie hofu. Sisi tuliokuwa tunapeleka mizigo Kigali tulibadilisha upande pale Rusumo: upande wa Tanzania unaendesha kushoto, ukishavuka daraja la Kagera uko kulia, kazi inaendelea. Penye magari mengi hukosei, unawafuata wenzako. Hatari ni asubuhi, mnatoka hotelini au sheli, barabara tupu, na mikono bado inaikumbuka Dar. Hapo kazi ni yako wewe uliyekaa pembeni. Kila mnapotoka maegesho, sema kwa sauti: kulia. Hata kama mmenuniana.

Austria na Slovenia barabara kuu zinataka vinyeti, yaani kibali cha kulipia barabara. Ya Austria ni ama stika ya kioo ama ya kidijitali; ya Slovenia ni ya kidijitali, inafungwa na namba ya gari, kwa hiyo hamuwezi kuinunua kabla hamjaijua namba. Ya Slovenia fupi kabisa ni ya siku saba. Nyinyi mtapita kwenda na kurudi, zitakuwa zimekwisha, nunueni ya mwezi. Croatia mnalipa kwenye vizuizi kadiri mnavyotembea. Pasipoti ziwe karibu ingawa zote ni Schengen, siku hizi askari wanasimamisha magari mipakani. Na mkikuta foleni inaanza kusimama kwenye barabara kuu ya Ujerumani au Austria, mkwe asisubiri king'ora: aliye njia ya kushoto asogee kushoto kabisa, wengine wote wasogee kulia, katikati ibaki wazi kwa gari la wagonjwa. Ni sheria, na faini yake inauma.

Haya, Grossglockner. Laleni upande wa kaskazini, Fusch au Zell am See, ili muianze asubuhi kabla ya pikipiki na mawingu. Ni kilomita 48, kona kali 36, na kila kona ina kibao cha namba yake na kimo chake, kwa hiyo mtajua mmepanda kiasi gani. Mhandisi wake alikuwa Franz Wallack. Ujenzi ulianza 1930, wakati watu wengi Austria hawana kazi, na ilifunguliwa Agosti 1935. Kulipia gari kwa siku ni zaidi ya euro 40. Usinung'unike, hiyo siku ndiyo ya bei hiyo. Kabla ya kileleni kuna tawi la kupanda Edelweissspitze, mita 2,571. Pandeni taratibu, ni jembamba na limetandikwa mawe. Juni mtakuta theluji imebaki pembeni mwa barabara, imekatwa wima kama ukuta, kijivu kwa chini na nyeupe juu, maji yanachuruzika lamini. Vaeni masweta, msiseme Juni ni joto.

Halafu nendeni kituo cha kutazamia cha Kaiser-Franz-Josefs-Höhe, mkautazame mlima Grossglockner wenyewe, mita 3,798, na chini yake barafu ya Pasterze. Mbele yenu kutakuwa na bonde kubwa la mawe matupu, na barafu imejikunja kule mbali. Mfalme Franz Joseph alipofika pale 1856 barafu ilikuwa imelijaza bonde. Mimi nikiwapeleka watalii kwa basi, hapo ndipo kelele zilipokuwa zinakatika.

Kuteremka ndiko kunakohitaji dereva. Sheria ni ile ile ya mteremko wa Sekenke kule nyumbani: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Gari la otomatiki lina sehemu ya M, au vitufe nyuma ya usukani. Aweke gia ya pili, injini ilie, aiache ilie. Breki ziguswe na kuachiwa, zisikanyagwe moja kwa moja. Mkianza kusikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua, tafuteni maegesho, simameni robo saa, na magurudumu msiyamwagie maji. Anayepanda mpeni nafasi. Aliye nyuma na haraka zake mwacheni apite.

Slovenia mtaingilia Kranjska Gora na kupanda barabara ya mlimani ya Vršič, mita 1,611. Kona ni 50, nyingi za upande wa kaskazini bado zina mawe. Barabara hii ilijengwa na wafungwa wa vita wa Kirusi, Vita ya Kwanza ya Dunia. Machi 1916 maporomoko ya theluji yaliwafunika wengi wao, na waliobaki wakajenga kanisa dogo la mbao ambalo lipo mpaka leo kwenye moja ya kona. Simameni. Nawaambia kwa sababu sisi watu wa barabara tunapenda kusifia lami na kusahau walioilalia. Ng'ambo ya pili ni mto Soča, rangi yake mtadhani mtu ametia dawa. Laleni Bovec usiku mbili.

Kisha Rijeka, mji wa pwani ya Croatia. Mkiweza fikeni Ijumaa, kuna msikiti uliofunguliwa 2013 ambao ni mzuri wa kutazama hata kwa asiyeswali. Kutoka hapo shikeni barabara ya pwani, D8, kwenda kusini. Sikilizeni vizuri: kwenda, siyo kurudi. Kwa kuwa mnaendesha kulia, mkielekea kusini mko upande wa bahari, vituo vya kutazamia viko mkono wenu, mnaingia na kutoka bila kukata njia ya wanaokuja. Ukiifuata kinyume unakaa siku nzima unautazama mlima Velebit na mgongo wa lori. Karibu na Senj kuna upepo unaitwa bura, unateremka mlimani ghafla na kusukuma magari. Zaidi ni wa majira ya baridi, lakini vibao vya onyo vikiwaka pumzikeni mnywe chai.

Split tembeeni kwa miguu ndani ya jumba la mfalme Diocletian, watu wanaishi humo na kuanika nguo. Kisha kabla ya Dubrovnik, angalieni simu isiwapitishe Neum. Pale Bosnia inaukata ufukwe wa Croatia, na viza ya kuingia mara moja ingeishia hapo. Tangu Julai 2022 kuna daraja la Pelješac, kilomita 2.4 juu ya bahari, limejengwa na Wachina wale wale wa reli ya Mombasa hadi Nairobi. Piteni hilo, mnabaki Croatia.

Ila kama mmepewa viza ya kuingia mara nyingi, na mkataba wa gari unaitaja Bosnia, na ubalozi wao umethibitisha mnaingia nayo, basi nendeni Mostar siku moja. Daraja la mawe la 1566, lililoangushwa kwa mizinga Novemba 1993 na kujengwa tena, likafunguliwa 2004. Adhana zinasikika kutoka kando zote mbili za mto. Hicho kitu nataka mkione kuliko Monaco yenu.

Kurudi, barabara kuu tu, na mbuga ya maziwa ya Plitvice njiani. Tiketi zinanunuliwa kwa saa maalumu, kateni mapema, na kuogelea hairuhusiwi.

Nitumie nakala za pasipoti zenu na tarehe za mkwe kufunga shule kabla ya mwisho wa mwezi huu. Magari madogo ya otomatiki yanakwisha mapema, na nikichelewa kuweka oda mtaletewa ya gia za mkono, ambazo wewe huziwezi, na mkwe atalazimika kuendesha njia nzima peke yake.

Baba yako,
München