Risala ya Wazazi wa Wanafunzi Wenye Uoni Hafifu kwa Mgeni Rasmi, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi wenzetu na wanafunzi,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tumekuja na jambo moja tu, nalo ni picha za retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa watoto wenye maradhi ya kurithi ya makula, ile sehemu ndogo ya katikati ya retina inayotuwezesha kusoma na kutambua nyuso.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, yapo maradhi yaliyoelezwa na daktari Mjerumani, Karl Stargardt, mwaka 1909. Mtoto mwenye maradhi hayo hupanda daladala na kucheza uwanjani bila taabu, lakini akitazama ubao herufi anayoikazia macho humpotea, naye hugeuza shingo ili asome kwa pembe ya jicho. Miwani haimsaidii, na kwa kuwa mwanzoni daktari anaweza kummulika asione kasoro yoyote, mtoto huyo huitwa mvivu au mwongo, jambo linalotuumiza sana.

Mashine ya OCT, inayopiga picha za retina kwa mwanga na ambayo teknolojia yake ilitangazwa mwaka 1991, huonyesha tabaka za retina moja baada ya nyingine na mahali zilipokonda. Picha ya mng'ao wa asili wa retina, isiyohitaji sindano ya rangi, huonyesha taka za seli ziitwazo lipofusini ziking'aa, na weusi pale seli zilipokwisha kufa. Hakuna maumivu: mtoto huegemeza kidevu na kutazama alama iliyo mbele yake. Ila alama hiyo iko katikati, mahali pale pale asipoona, hivyo mpigaji picha hana budi kuwa na subira naye.

Maradhi haya kwa kawaida hutokana na kasoro katika jeni ya ABCA4, chembe ya urithi iliyotambuliwa mwaka 1997; kasoro hiyo hurithiwa kwa baba na mama ambao wenyewe hawaugui, kwa hiyo mama asilaumiwe peke yake. Vilevile, wazazi wasiwanunulie watoto hawa vidonge vya vitamini A vya dozi kubwa, kwani vinaweza kuongeza taka hizo za lipofusini. Mchicha na karoti za nyumbani hazina tatizo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utusemee ili bima ya afya igharimie picha hizi, zirudiwe kila daktari bingwa wa macho anapoagiza, na kila familia ikabidhiwe nakala yake. Doa la seli zilizokufa hupanuka polepole kwa miaka, na bila picha ya zamani daktari mpya hana cha kulinganishia.

Tunaomba kuwasilisha.