Shoga, niokoe na haya marinda

Mwanaidi shoga yangu,

Asalaam aleikum, na hongera ya kuhamia kwako ambayo nilitakiwa nikupe tangu mwezi wa tatu. Najua umeninunia na una haki, ila ungeniona nilivyobanwa usingeninunia sana. Mi mzima, watoto wazima, mama goti bado linamsumbua, Tanga mvua haikatiki. Salamu zingine zisubiri maana nina shida, na shida yenyewe ukiisikia utacheka mpaka upaliwe.

Nimepewa oda ya gauni la tenisi. Tena siyo vile visketi vifupi tunavyoviona kwenye tivii, gauni la tenisi la miaka mia iliyopita! Kuna mama mmoja wa Raskazone binti yake yuko sekondari, shuleni kwao wana tamasha kila mtoto avae kama mtu wa zamani asimame aeleze habari zake, wenzake wamechukua akina Bibi Titi na akina Mandela, huyu mtoto anacheza tenisi basi kachagua Mfaransa anaitwa Suzanne Lenglen. Mama mtu kaja na picha moja tu, haina rangi, mwanamke karuka juu mguu mmoja huku mwingine kule, raketi imenyooka, kitambaa kichwani. Eti fundi nishonee hii. Nikaangalia nikasema aah, gauni jeupe tu hili, kesho kutwa njoo uchukue. Mdomo huu!

Sasa sikia nilichofanya. Mi nimezoea magauni ya kitchen party, nikaweka dati kiunoni (ile mikunjo ya kubana gauni lishike mwili), zipu nyuma, bitana, kwapa nikaibana kidogo ikae vizuri kama tunavyowashonea hawa wa siku hizi. Mtoto kaja kujaribu, kapendeza, mama yake anatabasamu. Yule binti akasema ngoja nione kama naweza kusevu, kuanzisha mpira. Kanyoosha mkono juu, krrraa, kwapa lote limeachia mpaka ubavuni. Mbele ya mama mtu, mbele ya Rehema ambaye unajua mdomo wake, sa hivi barabara nzima wanajua nimeshona gauni la kusimamia tu. Mtoto mwenyewe mpole, akaniambia, "Anti, huyu alikuwa anaruka, ndo maana gauni lake halina kiuno." Nikanyamaza. Maana ni kweli, picha ilikuwa mkononi mwangu siku tatu na sikuiona.

Basi usiku nikakaa na simu nikamtafuta huyo Suzanne, bando lote limeishia huko. Shoga, kumbe kabla yake wanawake wa Ulaya walikuwa wanacheza tenisi wamevaa koseti! Lile libano la kiuno lenye vyuma ndani, juu blauzi ya kola na mikono mirefu, chini sketi inakaribia majani na magauni ya ndani yamepandana, kichwani kofia. Ukimbilie mpira na vyote hivyo. Kuna Mmarekani mmoja Elizabeth Ryan, mwenyewe alikuwa bingwa, alichukua makombe 19 ya wawili wawili pale Wimbledon, yale mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza, yeye alikuja kusimulia kwamba kwenye vyumba vya kubadilishia nguo vya klabu za Uingereza kulikuwa na fimbo karibu na moto, wanaanika koseti zao zikauke, na nyingi zina damu. Damu, Mwanaidi! Kwenye mchezo wa starehe. Nimeikumbuka ile tepe nilivyoikaza kwenye kiuno cha yule mtoto nikaona haya peke yangu gizani.

Na ujue mtu hata akipunguza kidogo tu ilikuwa maneno. 1905 alikuja binti mmoja kutoka Marekani, May Sutton, kakunja mikono ya blauzi kwa sababu ya joto, viwiko tu hivyo vimeonekana, watu midomo wazi. Ila kombe alibeba.

Sasa Suzanne mwenyewe. 1919, vita imeisha mwaka uliotangulia, Wimbledon inarudi baada ya kusimama miaka minne, yeye ana miaka 20 na hajawahi kucheza mashindano kwenye uwanja wa majani. Fainali kakutana na Dorothea Lambert Chambers, mama wa miaka 40, bingwa mara saba. Mfalme George wa Tano na Malkia Mary wamekaa wanaangalia. Mama Chambers kavaa kiheshima, mikono mirefu, sketi ndefu. Suzanne katokea na kigauni cha mikono mifupi, kimeishia chini ya goti kidogo, ndani hana koseti. Watu walivyoshtuka ungedhani katoka na khanga moja! Na kati ya mchezo anapiga mafunda ya brandi. Mi nimempenda hapohapo, Mungu anisamehe.

Walicheza gemu 44, na bingwa ni wa kwanza kushinda seti mbili. Seti ya kwanza 10-8 ya Suzanne, ya pili 6-4 ya mama, ya tatu mama akafika 6-5 anahitaji pointi moja tu, na nafasi anazo mbili. Suzanne kaufuata mpira haukukaa vizuri, umegonga ubao wa raketi (zilikuwa za mbao, nyuzi zake utumbo wa mnyama), ukagusa juu ya wavu, ukajidondokea upande wa mama wa watu. Mwisho 9-7. Lakini sikia uhondo wenyewe: huyu Mama Chambers mwaka 1910 alikuwa kaandika kitabu cha kuwafundisha wanawake tenisi, na kwenye mambo ya nguo akasema sketi iwe ya kawaida, isiwe ya marinda, eti marinda hayafai kabisa uwanjani. Halafu kuanzia 1921 Suzanne akawa anavaa sketi za marinda za hariri, anashonewa na Jean Patou wa Paris, na ubingwa haumtoki mkononi! Hapo na sisi mafundi tunahesabika kidogo, au vipi?

Ndo nikaelewa kwa nini nilikwama. Yale marinda siyo urembo, ndo kazi yenyewe ya sketi. Ukisimama yamelala, ukiruka yanafunguka kama feni, ukitua yanarudi mahali pake, miguu ina nafasi na sketi haipandi juu. Juu ni kama dera lililopunguzwa, linaanguka wima kutoka begani hadi nyongani ndipo marinda yaanze. Hakuna dati hata moja. Nimetazama kile kipande cha sinema yake cha zamani mara kumi, anapita hewani kama anacheza ngoma, nikaacha kabisa kuangalia mpira.

Kwa hiyo nafumua naanza upya, kwa hasara yangu, na hapa ndo nakuhitaji. Nilijaribu marinda ya pamba (ya sketi nasema, usianze!), nimepiga pasi mpaka bega limekufa, mtoto kakaa chini dakika tano kayafuta yote. Poliesta yanashika lakini huyu anataka aje kuvaa na uwanjani, na joto la huku unalijua, atachemka kama kiazi. Hariri yenyewe mama mtu hawezi bei na mi siwezi kumwambia tena chochote kuhusu bei baada ya lile kwapa. Nimewaza kitambaa cha krepu laini chenye mchanganyiko, hapa madukani ninazoona ni zile ngumu za sare za kwaya. Nataka mita nne, nyeupe, siyo maziwa. Weupe wenyewe nao una sababu, wazungu walipenda nyeupe kwa tenisi kwa vile jasho halionyeshi sana, mtu atoke uwanjani aonekane kama hajahangaika.

Halafu shifoni ya rangi ya chungwa mita mbili, ya kufunga kichwani. Mama mtu hataki, anasema kwenye picha ni nyeupe, nikamwambia mama picha haina rangi, huyu 1921 alitokea Wimbledon na kilemba cha chungwa kinawaka. Kagoma. Binti kanikonyeza, kwa hiyo nunua tu.

Kilichonikaa moyoni ni kwamba alikufa 1938, ana miaka 39, ugonjwa wa damu. Mdogo kuliko mimi na wewe. Mama Chambers aliyefungwa naye 1919 alikuwa mkubwa kuliko umri aliofika yeye. Sijui kwa nini nakuandikia hili, limenijia tu nikiwa kwenye cherehani.

Haya niambie. Yule baba wa mashine ya kuchoma marinda pale Kariakoo bado yupo au alihama baada ya yale mambo? Anachukua kazi ndogo ya gauni moja? Krepu mita sa hivi shilingi ngapi huko? Na wewe je, uliridhiana na wifi yako? Ile cherehani ya miguu ya marehemu mama mkubwa mmeamua nani aichukue, maana kama hamuitaki nyote mi nipo. Unakuja lini Tanga, au mpaka nife?

Tamasha ni Ijumaa ya wiki ijayo, kifurushi kikipanda basi la asubuhi Jumatano nakiwahi. Nakurushia hela ya kitambaa kesho, ikipungua nipigie, usikae kimya kama mimi.

Wako,
Fundi Asha