Kaka Lusajo, kuhusu ule msumeno

Mafinga,
14 Juni 2025.

Kaka Lusajo,

Ugonile, kaka. Sisi huku tu wazima, ila baridi inatung'ata kwelikweli. Leo asubuhi majani ya viazi yalikuwa meupe kwa jalidi hadi saa mbili. Mama Anna anakusalimu, na watoto wanauliza lini mnakuja.

Ujumbe wako wa simu nimeusoma mara tatu. Nikaona jibu lake halikai kwenye simu, ndiyo maana nimekaa chini kuandika. Barua hii nitampa kijana wa basi la Mbeya, utaichukua stendi.

Pole sana kwa ile milingoti mitatu, ile mikaratusi yako iliyoangushwa na upepo. Namshukuru Mungu upepo uliiangusha upande wa jiko na si chumba wanacholala watoto. Umesema una laki sita, na kwamba kuna duka hapo Mbeya wamekuonyesha msumeno wa mnyororo wa laki mbili na themanini, boksi limeandikwa cc 58 (ndio ukubwa wa injini), baa ya inchi 22 (ule upanga wa chuma ambao cheni inauzunguka), na muuzaji anakuhakikishia unaangusha mti wowote. Unaniuliza ununue?

Kaka, usinunue huo.

Sikatai bei nafuu. Mimi mwenyewe nilianza na wa bei nafuu, na nitakuambia ulinifanya nini. Ila namba kubwa kwenye boksi ndiyo chambo. Huku kwetu wapasuaji wa mbao, wale wanaoshinda msituni kuanzia alfajiri, wanatumia mashine kama Stihl MS 381, yenye cc 72 na uzito wa zaidi ya kilo 6 kabla hujaifunga baa wala kuijaza mafuta. Hiyo ni kazi yao ya kila siku. Wewe una milingoti mitatu iliyolala, kuni za jiko, na miti ya miwati ya mpakani ambayo mkubwa wake hauzidi unene wa ndoo. Kwa kazi hiyo injini ya cc 30 hadi 45 inatosha, na baa ya inchi 14 au 16. Baa ndefu kwenye injini dhaifu inakula nguvu, inakunywa oili, na kibaya zaidi ncha yake inatokeza upande wa pili wa gogo mahali usipopaona. Hapo ndipo watu wanapoumia.

Na hizo cc zenyewe usiziamini kila mara. Kwenye mashine zisizo na jina la mtengenezaji anayejulikana, boksi huandikwa namba moja na silinda ikawa na nyingine.

Sasa nikueleze yaliyonikuta, kwa sababu sikuwahi kukusimulia vizuri. Mwaka 2019 nilinunua msumeno wa namna hiyohiyo, nikaona nimepata. Wiki ya pili nilikuwa nakata matawi ya mlingoti ulioanguka kule bondeni. Nilikuwa nimechoka, nakata kwa haraka kabla mvua haijanyesha. Ncha ya baa, ule upande wake wa juu, ikagusa tawi lililojificha nyuma ya lile nililokuwa nakata. Sikuona kitu. Nilichohisi ni mashine yote kuruka juu na kunirudia usoni, kwa kasi ambayo mkono haupati muda wa kufikiri. Ile kinga ya mbele ya mkono ndiyo ilitakiwa kuvuta breki na kusimamisha cheni. Ilisogea, cheni ikaendelea kuzunguka. Nilipinda shingo, ikanipata begani. Mama Anna alinifunga kanga yake, tukapanda bodaboda hadi hospitali. Nyuzi kumi na moja. Mpaka leo baridi ikizidi kama leo, bega linaniambia.

Fundi alipofungua baadaye alikuta ule mkanda wa chuma unaokaba klachi hata haukuwa unaigusa. Tangu kiwandani ulikuwa hivyo.

Kwa hiyo popote utakaponunua, kipya au cha mkononi (kilichokwisha kutumika), sharti la kwanza ni breki. Mwambie muuzaji auwashe. Uweke chini, mguu wa kulia kwenye mpini wa nyuma, mkono wa kushoto kwenye mpini wa mbele. Vuta mafuta kidogo cheni izunguke, halafu sukuma ile kinga mbele kwa kifundo cha mkono, bila kuachia mpini. Cheni isimame palepale. Ikiendelea kuzunguka hata kidogo, au muuzaji akikuambia "itakaza ikizoea", mshukuru, uondoke. Tazama pia kile kidude kidogo chini ya mashine, karibu na pale baa inapoanza, kinachodaka cheni ikikatika. Na kifungo cha juu ya mpini: bila kukibonyeza, mafuta yasivutike.

Ningekuwa na laki sita zako ningefanya hivi. Nisingezimaliza zote kwenye mashine. Ningetafuta Stihl MS 180 au MS 250 iliyotumika lakini iliyotunzwa. Ya kwanza ina cc 31.8, uzito kama kilo 4, ndogo na nyepesi, hata shemeji anaweza kuibeba. Ya pili ina cc 45.4, inasukuma vizuri zaidi kwenye mlingoti mkavu. Husqvarna nao wana ndogo nzuri, ila sharti ni moja: uliza kwanza mafundi wa hapo Tukuyu na Mbeya wana vipuri vya ipi. Msumeno usio na vipuri karibu unaishia kuwa kiti cha kuku. Mpya kwa wakala huenda ikavuka laki sita zako, na hata ikiingia, hutabaki na hela ya vitu vingine ambavyo navihesabu kuwa sehemu ya msumeno: cheni ya pili, tupa, miwani, viziba masikio, glavu na viatu vigumu.

Suruali ya kukatia miti ukiipata, hata ya mtumba, usiiache. Ndani yake kuna nyuzi ndefu zilizosokotana. Cheni ikigusa inazivuta, zinajaa kwenye meno ya sproketi (kile kigurudumu kinachozungusha cheni) na mashine inakwama kabla haijafika kwenye paja. Na masikio yako yahurumie, ule mlio unazidi desibeli 100.

Kwenye kununua cha mkononi, nenda na macho yako. Kwanza shika mpini wa kamba ya kuwashia, uninginize msumeno ukiwa umezimwa. Injini yenye mbano mzuri inashuka polepole kwa vituo, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Iliyochoka inashuka moja kwa moja. Kisha omba eksosi ifunguliwe, ni parafujo mbili tatu tu, umulike kwa tochi ya simu pale tundu la moshi. Utaiona pistoni. Ikiwa laini, inang'aa, ni nzima. Ikiwa na mikwaruzo ya kusimama kama imeparurwa na paka, mtu aliiendesha bila kuchanganya oili, na ukiinunua umenunua deni. Geuza pia uangalie sproketi kama cheni imeichimba mifereji, na pitisha kidole (taratibu) ukingoni mwa baa uone kama imepinda au imevimba upande.

Halafu kuna za kuiga. Ile rangi ya chungwa na nyeupe ya Stihl inaigwa vibaya mno, hadi stika. Tafuta namba ya mashine iliyogongwa kwenye mwili wa injini yenyewe. Kama ipo stika tu, au namba imesuguliwa, acha. Na ukiambiwa ni mpya ya Stihl kwa bei ya kutupa, jua jibu.

Sasa cheni, na hapa ndipo ninapotaka usome polepole, maana watu wanabadilisha mashine wakati ugonjwa uko kwenye cheni.

Ukikata, zima mashine, chota zile takataka za mti zilizomwagika chini ya gogo, uzitandaze kiganjani. Zikiwa vipande, vya ukubwa wa punje za mchele au zaidi, cheni ina makali. Ikiwa unga laini kama sembe, cheni imekufa makali, na wewe unaanza kuusukuma msumeno kwa nguvu za mabega. Ukifika hapo, simama. Msumeno wenye makali unazama kwenye mti kwa uzito wake wenyewe, kazi yako ni kuuongoza tu. Mimi nanoa kila ninapojaza tangi mara mbili, na mara moja zaidi kila cheni inapogusa udongo. Mguso mmoja wa mchanga unaharibu makali ya asubuhi nzima.

Kunoa kwenyewe si kugumu. Kwa cheni ya MS 180 tumia tupa ya duara ya milimita 4, kwa ya MS 250 milimita 4.8. Ukiweka ya unene mwingine unaliharibu jino. Bana baa vizuri, vuta breki, tafuta jino fupi kuliko yote ulitie rangi ya kalamu, lianze hilo. Elekeza tupa nyuzi 30, kufuata ule mstari uliochorwa juu ya jino, sukuma kutoka ndani kwenda nje, mara tatu, usirudishe kwa kukwangua. Kisha ruka jino moja, nenda linalofuata la upande uleule. Ukimaliza upande mmoja, geuka. Idadi ya misukumo iwe sawa kwa kila jino, la sivyo msumeno utakata kwa kupinda kama mlevi anayerudi nyumbani.

Unajua kwa nini meno yanapishana, moja kushoto moja kulia? Kuna mkata miti wa Marekani, Joseph Cox, wa jimbo la Oregon. Mwaka 1946 alikuwa akipasua kuni akaona funza wa mbawakawa anatafuna gogo, anapitisha taya zake kushoto na kulia, anakata kwa kwenda na mti na kwa kukatisha vilevile. Zamani cheni zilikuwa na meno kama ya msumeno wa mkono, zinakwaruza na kuchoka haraka. Akaiga taya za yule funza kwa chuma, akaanza kuziuza mwaka uliofuata. Cheni unayoiona leo, hata ile ya laki mbili na themanini, ni mtoto wa wazo lile. Nikiwa nanoa huwa namkumbuka yule funza. Nasi tunawatoa kwenye magogo kila siku tunawatupia kuku.

Mafuta nitayapitia haraka. Petroli safi, ichanganywe na oili ya tustroku. Kwa Stihl ni 50 kwa 1, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Zile za Kichina nyingi vitabu vyake vinataka 25 kwa 1, soma kitabu. Changanya kwenye dumu dogo, tikisa, usikae na mchanganyiko zaidi ya mwezi. Tangi la pili ni la oili ya cheni. Usiweke oili chafu iliyotoka kwenye pikipiki. Ina vumbi la chuma, inakula baa, na inakumwagikia mikononi siku nzima.

Jambo lingine, msumeno wa mnyororo haumilikiwi kama panga. Kabla hujalipa pita kwa ofisa misitu wa wilaya au ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), uliza usajili unavyokwenda na kama miti ya shambani kwako inahitaji kibali. Muuzaji wa cha mkononi akupe karatasi zake na muandikishane mauziano.

Parachichi zako usiziguse kwa msumeno huo. Kwa kupogolea nunua ule wa mkono uliopinda, jeraha lake kwenye tawi linapona vizuri. Na usipande mtini na mashine inayozunguka. Hilo nakuomba kama ndugu.

Limebaki moja, ndilo lililonifanya nisilale vizuri jana. Ile picha uliyonitumia, milingoti miwili imelala chini, hiyo utaikata. Lakini ule wa tatu umeegemea jiko huku mizizi imenyanyuka na udongo wake. Mti ulioegemea umebeba nguvu kama upinde uliovutwa. Ukikata upande uliovutika unapasuka na kurusha shina. Ukikata karibu na mizizi, kile kisiki na udongo wake kinaweza kurudi shimoni ghafla na kumfunika aliyesimama nyuma yake. Wazuie watoto wasicheze pale, hata kujificha. Pikeni nje kwa sasa.

Nitakuja Jumamosi ya tarehe 28, Mungu akipenda, na MS 250 yangu, kamba na tupa mbili. Ukipata mashine ya kununua kabla ya hapo, mwambie mwenyewe asubiri tuikague pamoja, afungue eksosi mbele yangu. Mwambie shemeji ndizi za kuchemsha zisikosekane, na maziwa ya mgando.

Msalimie mzee na mama mkubwa.

Ni mimi ndugu yako,
Ambakisye