Mzee wa testa, ahsante

Shikamoo mzee wangu, popote ulipo. Ni mimi uliyenikuta Nyali Jumamosi nimefungua boneti, jasho tupu, na jina lako sikuliuliza. Kigari changu cha michezo, cha Kiingereza cha miaka ya 1970, kilidai tangi limejaa na injini inachemka, ilhali rejeta ilikuwa vuguvugu tu. Nilishanunua sensa mbili mpya, za kupima mafuta na joto. Hela imekwenda!

Ukacheka: "Mwanangu, geji mbili zikidanganya pamoja, usizilaumu sensa." Ukaingiza kichwa chini ya dashibodi, ukanionyesha kijidude cha bati kinachoshusha umeme wa betri hadi wastani wa volti 10 kabla ya kuzilisha geji zote mbili. Pale kinapogusa bodi ya gari kupata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, palikuwa kutu tupu. Kikikosa ethi hakipunguzi kitu, na mishale hupanda.

Msasa kidogo, skrubu ikakazwa, basi. Pesa ulikataa, ukakubali chai.

Sasa nikiwasha, mishale inapanda polepole na sishtuki; ulishanieleza kwamba ndani ya geji mna utepe wa metali unaopinda ukipata joto. Zile sensa mpya ningali nazo, ukizihitaji.