Barua kwa Dada Subilaga kuhusu nyumba ya Itezi

Mbeya,
Juni

Mpendwa Dada Subilaga,

Nakusalimu kwa upendo, pamoja na shemeji na watoto wote. Sisi huku hatujambo. Baridi ya mwezi huu ni ile unayoijua, mahindi yamekwisha kuvunwa, na Mama Tumaini anakusalimu sana na kuuliza kama goti lako limepata nafuu.

Kaka Lusajo amenijulisha kwamba mmekubaliana kushusha bei ya nyumba ya wazazi wenu. Nimeona nisinyamaze, kwa sababu mimi ndiye ninayewafungulia geti wanaokuja kuitazama, na mimi ndiye ninayewasikia wanachosema wakati wanaondoka. Naomba msishushe bei kwa sasa. Sijapata mnunuzi aliyeondoka akilalamikia bei, na nina hofu kwamba mkiipunguza, watu watasema nyumba ina jambo linalofichwa, kisha mtaendelea kuipunguza mpaka mtakapoitoa kwa thamani ya bati na milango.

Wanapoingia, huwa wanafurahi. Wanaugusa ukuta wa matofali ya kuchoma, wanausifu msingi wa mawe ambao baba aliusimamia mwenyewe, wanahesabu vyumba, wanafungua mabomba na kukuta maji yanatoka. Baada ya hapo huzunguka nyuma ya jiko, wakayaona makaburi ya baba na mama yenye vigae vyeupe, na lile dogo la Ambakisye pembeni. Hapo mazungumzo hukatika. Wengine huvua kofia na kusimama kwa heshima, na mimi huwashukuru kwa hilo, lakini huwa najua kwamba hawatarudi.

Yule mkulima wa parachichi kutoka Rungwe, ambaye alikuwa na fedha taslimu na hakuhitaji mkopo wa benki, ndiye aliyenieleza kwa uwazi kuliko wote. Alisema haogopi wafu, kwani hata kwao wazee wamezikwa nyumbani kati ya migomba. Kinachomzuia ni walio hai. Aliniuliza: siku ndugu watakapokuja kusafisha makaburi, wataingia kwa ruhusa ya nani? Akitaka kuongeza chumba upande ule, atamwomba nani? Na mmoja wenu akifariki, akaacha wosia kwamba azikwe kando ya mama yake, yeye atasimama getini kuwakataza waombolezaji? Aliniuliza kama ananunua nyumba au ananunua ukoo wa watu. Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu jibu lipo kwenu wenye nyumba.

Dalali alinishauri tupande maua marefu na kuzungushia ua wa matete, ili mnunuzi asiyaone mpaka atakapokuwa amelipa. Nimemkatalia, na nimemwambia asirudie kumwambia mtu yeyote jambo hilo. Mnunuzi aliyefichwa kitu kama hicho ataipeleka kesi kwenye baraza la ardhi, na jina litakaloitwa pale ni la baba yenu, ambaye mtaa mzima unamkumbuka kwa uaminifu wake.

Yapo mambo mengine yanayowarudisha watu nyuma, nami nayataja ili usidhani kwamba ninakuelemea kwa jambo moja tu. Mtu akisikia Itezi, anakumbuka tope lililoporomoka kutoka Mlima Kawetere mwezi Aprili 2024 na kufukia nyumba za watu. Huwatoa nje nikawaonyesha mlima ulipo na nyumba ilipo, na wengi huridhika, ila wapo wanaoamua kabla hawajafika. Hofu hiyo siwezi kuilaumu. Njia ya kuingilia nayo ni nyembamba. Gari dogo linapita kiangazi, lakini kuanzia Desemba hadi Aprili linaachwa dukani kwa Baba Neema na watu wanamalizia kwa miguu. Mfanyabiashara wa Tunduma alitaka kujenga vyumba vya kupangisha kule chini kwenye bustani ya mama. Nilimweleza kwamba sehemu ile ipo ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu katika eneo hilo, akaona hesabu zake hazitimii. Ile baa mpya nayo inapiga muziki usiku wa Jumamosi hadi mtu hawezi kusikia anachosema mwenzake sebuleni. Hata hivyo, nyumba nyingi zina kasoro za namna hii, na watu hununua. Wenye nyumba zilizo kando ya barabara kuu wana mashaka makubwa zaidi, kwa kuwa hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na mnunuzi wa kule huanza kwa kutafuta alama ya X ya kubomolewa ukutani kabla hata hajabisha hodi.

Kwa hiyo ninarudi kwenye makaburi, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kupatiwa ufumbuzi na ninyi wenyewe mkikaa pamoja. Najua Tumpe alipendekeza yahamishiwe kijijini. Ninamheshimu, lakini naomba mlifikirie kwa utulivu. Kuhamisha kaburi si kazi ya kufanywa kimyakimya na vijana wenye majembe. Serikali ya mtaa na watu wa afya wa jiji ni lazima wahusishwe, gharama si ndogo, na shangazi wa Lwangwa amekwisha kusema kwamba kaka yake hatafukuliwa akiwa yeye bado anapumua. Mkilazimisha, mtapata mnunuzi na kumpoteza shangazi, na sidhani kama mama angeupenda uuzaji wa namna hiyo.

Pendekezo langu ni kwamba kiwanja kigawanywe. Ni kikubwa, na makaburi yapo kwenye kona inayopakana na njia ya nyuma, kwa hiyo familia inaweza kubaki na kipande kile na kukiingia kwa njia yake bila kupita kwenye uwanja wa mtu. Mtafuteni mpima ardhi aliyesajiliwa, mpeleke maombi ofisi ya ardhi ya jiji, na kila kipande kipate hati yake. Baadaye mjenge ukuta wenye lango dogo. Mnunuzi atakuwa na nyumba iliyo yake peke yake, nanyi mtakuwa na mahali pa kuwatembelea wazazi wenu bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Itachukua muda, na kuna ada za kulipa, lakini naamini mtatumia kidogo kuliko mnachotaka kukipoteza kwa kushusha bei.

Kabla ya hayo yote kuna suala la hati, ambayo bado ina jina la baba. Mwalimu wa Tukuyu na mkewe, ambao ndio pekee waliokuja mara ya pili, walitaka kujua nani atasaini kama muuzaji, kwani benki yao haitatoa mkopo bila msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Mke wake ndiye aliyeniambia kwamba wakipata nyumba iliyotenganishwa na makaburi, watailipia kwa bei ileile mliyoitaja mwanzo.

Sasa nieleze, dada yangu. Je, Kaka Lusajo alikwisha kuteuliwa na mahakama, au mlikubaliana kwa mdomo tu siku ya kumaliza matanga? Hati yenyewe ipo kwako Mwanza, au ilibaki kwenye lile sanduku la chuma la mama? Tumpe atakubali kuliacha wazo la kuhamisha? Nani ataongea na shangazi, maana mimi si wa ukoo na sina mamlaka ya kuanza mazungumzo hayo? Unaweza kupata likizo mwezi Agosti ili mkae kikao hapahapa nyumbani, mkiwa wote? Na nimwambie nini yule mwalimu, ambaye ameniomba jibu kabla shule hazijafunguliwa mwezi ujao?

Nduguyo,
Mama Gwamaka